Zimwi na Sauti Yake: Historia Fupi ya Sinema za Kutisha na Hadithi za Picha katika Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameshughulika kwa muda mrefu na ushairi, riwaya na tamthilia, na baadaye fasihi pendwa nayo ikapewa nafasi yake. Zipo hata hivyo tanzu mbili ambazo hata leo zimekaa barazani zikisubiri kukaribishwa ndani. Tanzu hizo ni sinema ya kutisha na hadithi ya picha, ile ambayo wengi huiita katuni. Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba hizi ni kazi za macho, wala si za lugha, na kwamba hofu iliyomo ndani yake imetoka ng'ambo. Ikiwa ni hivyo, basi mwanaisimu na mhakiki hawana kazi nazo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa njia ya historia kwamba hoja hiyo haina msingi. Yatadai kwamba picha, iwe ya sinema au ya karatasi, haikupata kutisha peke yake katika Afrika ya Mashariki. Kila ilipotisha, ilikuwa na sauti iliyoisindikiza, na mwenye kuishika sauti hiyo ndiye aliyeamua zimwi ni nani. Mfano utakaotumiwa ni wa miji miwili ya Kenya, Thika na Ruiru.

Miji hiyo iko kaskazini-mashariki ya Nairobi, na yote miwili sasa imo katika Kaunti ya Kiambu. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Baina ya miji hii palienea mashamba makubwa ya kahawa na katani, na baadaye mananasi na viwanda. Wafanyakazi wake walitoka Ugikuyu, Ukambani, Nyanza na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania shambani na sokoni. Katika sensa ya mwaka 2019 Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, ukawa mji wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ulikuwa na watu 251,407. Mahali penye mkusanyiko wa lugha namna hii ndipo panapofaa kuulizwa swali hili: hofu ya picha ilisemwa kwa lugha gani, na kwa kinywa cha nani?

2. Hofu kabla ya picha

Kabla ya sinema kufika, wenyeji wa sehemu hizi walikuwa na bingwa wao wa kutisha, naye ni irimu wa hadithi za Kigikuyu. Ana mdomo wa pili kisogoni aliouficha kwa nywele, hubadilika sura, na hula watu. Katika hadithi ya mhunzi, ambayo karibu kila mtoto wa nchi hiyo aliisikia, irimu anakaa na mke wa mhunzi aliyejifungua mumewe akiwa safarini, na chakula cha mzazi anakila yeye. Mke anamtuma ndege amwimbie mumewe huko kiwandani. Ladha ya hadithi haimo katika sura ya irimu, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Imo katika sauti nzito ya msimulizi anapomwigiza, na katika wimbo wa ndege unaorudiwa mpaka mhunzi aelewe. Hadithi za namna hii zimechunguzwa vizuri na Wanjikũ Mũkabi Kabira na Karega Mũtahi katika kitabu chao cha mwaka 1988 juu ya fasihi simulizi ya Kigikuyu.

Waswahili wa pwani nao walikuwa na zimwi lao, na nunda mla watu wa hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Hapa yafaa kutaja jambo la sarufi ambalo lina uzito katika historia nzima inayofuata. Kiswahili hakihitaji sifa nyingi ili kuumba kiumbe cha kuogofya, ngeli inatosha. Mtu huwa jitu, nyoka huwa joka, mbwa huwa jibwa, na papo hapo upatanisho nao waweza kugeuka: aliyekuwa anakuja sasa linakuja. Kwa silabi moja tu kiumbe kimevuliwa utu wake. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha imejengwa juu ya upatanisho huo huo, na mzaha wake unatokana na kudai ujamaa na kitu ambacho sarufi imekwisha kukitoa katika jamaa ya watu.

Mfano mwingine ni neno mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni dawa nyeusi kama utomvu, na inataja imani ya watu kuwa dawa hiyo inahusiana na damu ya binadamu. Katika wakati wa ukoloni neno hili lilikutana na uvumi wa wazimamoto, watu waliosadikiwa kuwavizia wengine usiku ili kuwanyonya damu. Uvumi huo ulienea Nairobi na miji mingine mingi ya Afrika ya Mashariki, na Luise White ameuandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Lenye kuvutia kwa mwanalugha ni asili ya neno lenyewe. Mumiani imetoka katika Kiajemi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na mzizi wake ndio huo huo ulioingia Ulaya na kuzaa jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Kampuni ya Marekani ilipotoa sinema ya The Mummy mwaka 1932, akiigiza Boris Karloff, zimwi lile la Hollywood lilikuwa na jina ambalo ni ndugu wa damu wa jina la zimwi la mitaa ya Nairobi. Kusema kwamba hofu ya sinema ni ya kigeni na hofu ya simulizi ni ya kienyeji ni kusahau kwamba maneno yamesafiri kabla ya mashine.

3. Sinema iliyoletwa na msimamizi wa shamba

Sinema ya mashambani ilikuwa na sababu yake. Meja L. A. Notcutt alikuwa msimamizi wa mashamba ya katani nchini Kenya, naye aliona kwamba sinema ya shambani ingeweza kuwafanya vibarua waridhike na wakae. Wazo hilo lilizaliwa katika uchumi ule ule uliokuwa ukiitawala Thika. Baadaye Notcutt, pamoja na G. C. Latham, aliongoza jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika lililofanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la New York. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Filamu hizo zilikuwa na picha upande mmoja na maneno upande mwingine. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri zilizochezwa pamoja na picha, na filamu moja iliweza kusema Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pale. Utaratibu huu, uliotokana na uhaba wa fedha, ulidhihirisha jambo kubwa kuliko walivyokusudia waanzilishi wake: kwamba picha ile ile yaweza kupewa ulimi wowote. Tangu hapo, na hasa baada ya Idara ya Filamu ya Makoloni kuundwa mwaka 1939, mtu mwenye kipaza sauti kando ya gari la sinema akawa kiungo cha lazima. Alifasiri, alieleza, alinyamazisha watoto, na aliwaambia watazamaji wacheke wapi na waogope wapi.

Wakuu wa idara hiyo hawakuwa na imani na watazamaji wao. William Sellers, aliyeanza kazi ya sinema katika idara ya afya ya Nigeria, alifundisha kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka wala hila za kamera. Kisa kilichosimuliwa mara nyingi kuunga mkono fikira hiyo ni cha watu walioonyeshwa mbu mkubwa mno juu ya kitambaa, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wa ukubwa ule, kwa hiyo hawana haja ya kuogopa. James Burns, katika utafiti wake wa mwaka 2000, ameonyesha jinsi visa vya namna hii vilivyopitishwa kutoka kwa ofisa mmoja hadi mwingine vikageuka kuwa nadharia. Hata tukikikubali kisa chenyewe, hakithibitishi ujinga. Kinathibitisha kwamba watazamaji walijua tofauti baina ya mbu na dubwana, na kwamba msemaji wa siku hiyo hakuwapa neno la kuunganisha viwili hivyo.

4. Nani aliyefanywa zimwi?

Sura ya uchungu zaidi katika historia hii ni ile ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika mwaka 1960. Watu wa Kiambu, Thika na Murang'a, wakati huo Fort Hall, ndio waliohamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vyenye ulinzi kuanzia mwaka 1954. Katika miaka hiyo hiyo sinema za ng'ambo ziliwapa watu hao kazi mpya, kazi ya kutisha. Mwaka 1955 ilitoka Uingereza filamu iitwayo Simba, na mwaka 1957 ikatoka Marekani Something of Value. Zote mbili ziliigiza vita vya Mau Mau. Ijapokuwa kila moja ilijaribu kumweka Mwafrika mwema karibu na Mwafrika mbaya, picha zilizobaki machoni mwa mtazamaji wa London au New York ni za giza, panga, na nyuso zinazotokea dirishani. Mbinu hizo ndizo mbinu za sinema ya kutisha.

Mwaka huo huo wa 1955 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakinga watoto na vijana dhidi ya machapisho yenye madhara, nayo ililenga vitabu vya picha vya kutisha vilivyokuwa vikiingia kutoka Marekani. Kwa hiyo mtoto wa Uingereza alikingwa na zimwi la karatasi, ilhali wazazi wake waliuziwa tikiti ya kwenda kumtazama Mgikuyu aliyefanywa zimwi. Mtoto wa Thika, kwa upande wake, alilala ndani ya handaki na miiba iliyozunguka kijiji, na sauti ya usiku aliyoiogopa haikuwa ya irimu.

Hapo ndipo linapoonekana jambo lililo hatarini katika suala ambalo wengi huliona kuwa la mchezo. Jamii isiyoshika sauti ya hadithi zake za kutisha hupewa nafasi katika hadithi za wengine, na nafasi hiyo mara nyingi ni ya jitu. Upatanisho wa li- uliotumika mdomoni mwa bibi kwa kumtaja irimu ulikuwa umegeuzwa, kwa picha, dhidi ya wajukuu wake.

5. Karatasi: kicheko kwanza, hofu baadaye

Hadithi za picha za Kiswahili nchini Kenya nazo zilianza katika miaka ya 1950, lakini zilianza kwa kicheko. Jigal Beez, aliyezichunguza, anataja matangazo ya siagi ya kopo na, juu ya yote, Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye kwa miongo mingi alikuwa rafiki wa wasomaji wa Taifa Leo. Jina lenyewe ni ndoa ya Juha wa hadithi za Kiarabu na Kalulu, sungura wa lugha za kusini.

Kwa nini Juha alitangulia na zimwi likachelewa? Jibu moja limo katika utengenezaji. Katuni ya gazeti la kila siku ina visanduku vitatu au vinne tu. Mchoraji huandika kisa kwanza, hukigawa, huchora kwa penseli, hupitisha wino, kisha hutafutia maneno nafasi juu ya vichwa vya watu. Kisanduku cha mwisho lazima kilipe deni la vile vilivyotangulia, na njia ya haraka ya kulilipa ni mzaha. Hofu haikubali haraka hiyo, kwa maana hutaka kurasa. Msimulizi wa mdomo huichelewesha kwa kunyamaza. Mhariri wa sinema huichelewesha kwa kurefusha picha ya mlango uliofungwa. Mchoraji wa kitabu hana ila ukurasa wenyewe. Huliweka jambo la kuogofya nyuma ya karatasi, ili msomaji aligeuze kwa mkono wake mwenyewe na asipate wa kumlaumu.

Kurasa zilipopatikana, lugha ikawa nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la African Film, la kampuni ya Drum, liliwaletea vijana wa Kenya hadithi za picha za kamera za Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na biri, aliyepambana na maadui wa ajabu kama Rabon Zollo. Hadithi hizo zilisomwa kwa Kiingereza. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mjini Nairobi, na katika miaka ya 1980 Hirst akatoa mfululizo wa Pichadithi, uliochukua masimulizi ya wenyeji, kama vile Lwanda Magere wa Waluo na Abunuwasi wa pwani, na kuyageuza kuwa vitabu vya picha. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini msomaji wa leo hawezi kukosa kuona kwamba jina la mfululizo liliunganisha maneno mawili ya Kiswahili, picha na hadithi, ilhali watu waliochorwa ndani ya vitabu vilivyoenea walisema Kiingereza. Soko la vitabu la Kenya limetegemea shule, na zimwi si somo la mtihani.

Hadithi ya picha yenye kutisha kwa Kiswahili ilistawi Dar es Salaam. Majarida kama Sani yalikuwa na nafasi ya visa virefu vya wachawi, majini na wafu wanaorudi mjini, na Beez ameviandikia makala maalumu mwaka 2003. Mtu akivisoma akiwa na sikio la mwanalugha atatambua kwamba mchoraji wa Kiswahili ana hazina ambayo mwenzake wa Marekani hana. Huyu wa pili huandika mshindo wa bunduki na kilio cha mtu. Yule wa kwanza ana tanakali za sauti zinazotaja hata vitu visivyo na sauti: giza totoro, mlango kufungwa ndi, watu kuwa kimya ji. Neno ji likiandikwa peke yake katika kisanduku cheusi, ukimya umechorwa.

6. Sauti iliyorudi

Watu wa Thika na Ruiru waliopata kwenda sinema baada ya Uhuru walikuta mtambo wenye lugha yake. Katika uwanja wa Fox, kwenye barabara ya Thika, wenye magari walitazama filamu bila kushuka, na waliokuwa hawana gari walijua habari zake kwa kusimuliwa. Ni kanda za video, na baadaye sahani, zilizoiteremsha sinema hadi mitaani. Katika mitaa kama Makongeni na Githurai, chumba chenye mabenchi, televisheni moja na pazia zito kilitosha kuwa jumba la sinema.

Hapo akarudi yule mtu wa kipaza sauti. Nchini Tanzania Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizifasiri filamu za ng'ambo kwa Kiswahili mbele ya watazamaji na katika kanda. Matthias Krings ameichunguza sanaa hiyo katika makala yake ya mwaka 2010. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia jina kwa kazi ya aina hiyo, akitumia Kiswahili cha mitaani kilichochanganyika na Sheng. Msimulizi wa video hafasiri neno kwa neno. Hueleza, hudhihaki, huonya, humpa mhusika jina la mtaa, na hujaza kwa sauti yake mahali ambapo filamu imenyamaza. Tofauti yake na yule wa gari la serikali ni moja tu, nayo ni kubwa: huyu hakutumwa na mtu. Watazamaji ndio wanaomlipa, na asipowatisha wala kuwachekesha hutoka nje.

Katika miaka ya 2000 Dar es Salaam ilipiga hatua nyingine kwa filamu za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta. Nsyuka imechukua jina na asili yake katika imani za Wanyakyusa; Shumileta ni jini mwanamke. Filamu hizo zilijifunza kutoka Nigeria, India na Hollywood bila kuona haya, lakini zimwi lake lilizungumza Kiswahili, na mhanga wake alipiga ukelele kwa Kiswahili. Kwa mtazamaji wa Afrika ya Mashariki hilo halikuwa jambo dogo. Kwa mara ya kwanza katika historia iliyoelezwa hapa, picha na sauti zilikuwa zimetengenezwa nyumba moja.

7. Hitimisho

Historia hii imepita katika njia ndefu, kutoka kwa bibi na irimu, kwenye santuri za Vugiri, kwenye kipaza sauti cha gari la serikali, hadi chumba cha video cha Githurai. Katika kila kituo picha ilibadilika, lakini swali lilibaki lile lile: ni nani anayesema? Walipoisema wageni, zimwi lilikuwa mwenyeji. Waliposema wenyeji kwa Kiingereza, zimwi lilibaki la shule au la ng'ambo. Lilipopata Kiswahili likawa la kwetu, na lililo la kwetu twaweza kulijadili.

Yafuatayo basi ni ya idara zetu. Rekodi za wasimulizi wa video hazikutengenezwa ili kudumu. Kanda huchakaa, sahani hukwaruzika, chumba hufungwa na msimulizi akaenda kutafuta kazi nyingine. Majarida ya hadithi za picha nayo yalifungiwa maandazi na njugu, na maktaba chache zilidhani kwamba yanastahili rafu. Steere aliyaandika masimulizi ya Unguja kabla wasimulizi wake hawajafa, na mpaka leo twamshukuru kwa nunda. Mwanafunzi mmoja mwenye kinasa sauti, akikaa katika mabenchi ya Thika na Ruiru, angeweza kuandika jinsi msimulizi anavyotoka katika anakuja na kuingia katika linakuja, wakati gani hasa, na watazamaji wanaitikia nini. Kazi hiyo ni ya sarufi na ni ya fasihi kwa pamoja, na wenye kuifaa bado wako hai.